Sikio la Mzee na Matundu ya Mkanda

Mzee mmoja aliniletea sikio lake. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyokaa: kaketi upande, kanigeuzia ndewe, kidole chake kikionesha mkunjo uliolikatiza mshazari. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mkunjo ule ni dalili ya ugonjwa wa moyo, na usiku kucha hakulala. Mimi macho yangu yalikuwa yameshalipita sikio, yametua kiunoni. Mkanda wake ulikuwa na matundu mawili ambayo hayakutoka kiwandani. Yalitobolewa kwa msumari, na ngozi iliyozidi ilikuwa inaning'inia.

Ninatibu wazee, na kazi yangu huanza mgonjwa akiwa bado mlangoni. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti changu ni kama mita nne, na katika mita hizo mwili huwa umeshasema mengi. Mwanamume ambaye mwendo wake wa kawaida uko chini ya mita 0.8 kwa sekunde ananipa wasiwasi kuliko mwenye shinikizo la damu lililopanda kidogo. Mwaka 2011 watafiti walijumlisha takwimu za wazee zaidi ya 34,000 wakaona kwamba kasi ya kutembea inakwenda sambamba na miaka iliyobaki ya kuishi. Si ajabu. Kutembea kunatumia moyo, mapafu, misuli, maungio, mishipa ya fahamu na ubongo kwa pamoja. Mwendo ukizorota, kuna kimoja kilichochoka, ingawa mwendo wenyewe hautakuambia ni kipi. Nyumbani unaweza kujaribu hivi: mwambie baba ainuke kitini na kuketi tena mara 5, mikono ameikunja kifuani. Zikizidi sekunde 15, nguvu za mapaja zimepungua.

Natazama pia mikono inavyopepea. Watu wengi wakisikia ugonjwa wa Parkinson huwaza kutetemeka, lakini mara nyingi kinachotangulia ni mkono mmoja unaoning'inia tu wakati mwenzake unapepea, uso uliopoa hisia, au mwandiko unaozidi kuwa mdogo kila mstari. Daktari James Parkinson, alipoueleza ugonjwa huo mwaka 1817, baadhi ya watu aliowaandika alikuwa amewaona barabarani tu mjini London. Hakuwa na mashine yoyote ya kupiga picha ya ubongo.

Adui yangu mkubwa katika kazi hii ni maneno matatu: "Ni uzee tu." Uzee una vyake, sikatai. Mvi, upara, madoa ya kahawia mikononi, ngozi nyembamba inayovilia damu kwa kugongwa kidogo, hayo niachie, hayanikoseshi usingizi. Lakini uzee hauvimbishi miguu. Uzee hautii macho umanjano. Na uzee haumpunguzi mtu kilo sita kwa miezi minne bila mwenyewe kutaka.

Miguu ndiyo ninayoitazama kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo wazee wanayoificha zaidi. Nikibonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde 10 pakabaki shimo, hapo pana maji. Yakiwa miguu yote miwili, nauliza habari za moyo, figo na ini, kisha nauliza ni dawa gani anameza, maana amlodipini, dawa ya kawaida kabisa ya shinikizo la damu, huvimbisha vifundo vya miguu ya watu ambao moyo wao ni mzima. (Usiiache mwenyewe kwa sababu umesoma hapa. Rudi kwa aliyekuandikia.) Ukivimba mguu mmoja tu, ghafla, na shavu la mguu likauma, usisubiri kesho: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likichomoka huenda moja kwa moja kwenye mapafu.

Halafu kuna mguu ambao haukuvimba hata kidogo. Muundi unang'aa, vinyweleo vimekwisha, wayo ni wa baridi, na mwenyewe anasema akitembea kidogo shavu la mguu linakaza hadi asimame, kisha linaachia. Mishipa inayopeleka damu huko imeziba nusu. Jambo ambalo wagonjwa hawalitarajii ni kwamba mishipa ya miguu ni nadra kuziba peke yake. Mzee wa namna hiyo, hasa mvuta sigara au mwenye kisukari, mimi nashughulika na mguu huku akili yangu iko kwenye moyo na kiharusi.

Kucha nazo zina kipimo kisicho na gharama. Gusanisha kucha za vidole viwili vinavyofanana vya mikono yote miwili, mgongo kwa mgongo. Katikati, karibu na shina la kucha, utaona kijidirisha cha umbo la almasi. Dirisha likiziba kwa sababu ncha za vidole zimetuna, piga picha ya kifua, maana saratani ya mapafu ni mojawapo ya sababu. Aliyetufundisha kipimo hiki ni Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, mwaka 1976. Alikigundua kwenye vidole vyake mwenyewe alipopata maambukizi ya vali za moyo.

Machoni watu huogopa kisichofaa kuogopwa. Ile pete ya kijivu inayozunguka sehemu ya rangi ya jicho kwa wazee haina neno. Ningeijali kwa kijana wa miaka 35. Vijibonge vya njano kwenye kope, karibu na pua, ndivyo vya kutazamwa. Utafiti wa Copenhagen uliofuatilia karibu watu 13,000 tangu miaka ya 1970, na kuchapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba vijibonge hivyo vinaashiria hatari ya moyo hata kwa mtu ambaye kolesteroli yake ni ya kawaida. Pete haikuashiria. Na umanjano utafute kwa mwanga wa jua, si wa taa, ukikumbuka kwamba weupe wa macho ya mtu mweusi mara nyingi una madoa ya kahawia ya asili. Umanjano usio na maumivu, mkojo wa rangi ya chai na kilo zinazopungua ni safari ya wiki hii hii, kwa sababu uvimbe kwenye kongosho huanza hivyo.

Kitambi hakihitaji maelezo marefu: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Ila tumbo likikua huku mapanja yamebonyea na mikono imekonda, hicho si kitambi. Mara nyingi ni maji, na ini ndilo la kwanza kuulizwa.

Ipo dalili moja ambayo mzee haoneshi mtu. Jogoo hapandi mtungi, naye ananyamaza, au anatafuta vidonge kwa siri. Mishipa ya huko ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Uchafu uleule huziba kwanza iliyo myembamba, na moyo hufuata miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo siulizi kwa umbea.

Turudi kwa yule mzee. Mkunjo wa ndewe uliandikwa na daktari wa Marekani, Sanders Frank, mwaka 1973, na wapo wanaouonesha hata kwenye sanamu za Hadrian, mfalme wa Roma. Uhusiano na moyo umeonekana katika tafiti kadhaa, lakini wanaume wa umri huo wenye mkunjo ni wengi mno kiasi kwamba peke yake haunisaidii kuamua lolote. Nilimwambia hivyo, kisha nikamwomba anipe viganja vyake. Vilikuwa vyeupe kama karatasi. Magoti yalikuwa yakimsumbua, na kwa miezi mingi alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kila siku, mara nyingi bila kula. Choo? Cheusi kama lami, alisema, lakini alidhani ni uzee tu.

Tuliingiza kamera tumboni kwanza, kisha kwenye utumbo mpana, kwa sababu mwanamume mzee anayepungukiwa damu hivyo lazima atafutwe saratani. Haikuwepo. Palikuwa na kidonda cha tumbo kinachovuja. Baada ya miezi mitatu alirudi, bizimu imepanda tundu moja kuelekea ilipokuwa zamani. Tulizungumza kuhusu magoti, damu na dawa. Alipofika mlangoni aligeuka, akashika ndewe, akaniuliza kama nina uhakika.