Piano haitaki mafuta ya cherehani

Hapa Tanga, masika yakikolea, piano za wima (zenye nyuzi zilizosimama) huanza kugoma: unabonyeza kibonye, kinazama, hakirudi. Ushauri ni uleule kila mwaka: "Tia mafuta ya cherehani." Usitie!

Cherehani ni chuma kwa chuma. Ndani ya piano kuna mbao, ngozi na kitambaa cha sufu. Kila kibonye, na kwa kawaida viko 88, huchezea kwenye pini mbili, na matundu ya pini hizo yametandikwa sufu. Unyevu wa pwani huvimbisha mbao na sufu, tundu likaibana pini. Mafuta huilowesha sufu, hunasa vumbi, na mwishowe unabaki na utandu unaonata. Piano ikaushwe taratibu (si kuianika juani kama mchele!), kisha fundi atanue tundu kidogo kwa koleo lake.

Wakati mwingine kibonye kinasingiziwa tu. Kwenye piano ya wima nyundo hupiga nyuzi kwa mbele, hivyo haianguki yenyewe kwa uzito wake. Hurudishwa na springi na kikanda chembamba. Ukirudia noti upesi kabla kibonye hakijapanda karibu chote, nyundo haiitikii. Piano ya mlalo, ile yenye nyuzi zilizolazwa, ina wenzo wa ziada kwa kazi hiyo ya kurudia noti upesi, uliobuniwa na mtengenezaji piano Mfaransa Sébastien Érard na kupatiwa hataza mwaka 1821. Ya wima haitaifikia, lakini kubadilisha springi zilizolegea na kuondoa mwanya kati ya kibonye na mtambo wa nyundo huipa wepesi unaosikika.