Kompyuta ya stoo ipewe kazi, lakini pima stima kwanza

Mama mmoja mwenye saiba huko Kondele alituletea kompyuta kwa bodaboda, kasha limefungwa kwa leso kuukuu lisikwaruzwe njiani. "Mwalimu, hii niliinunua kifungua mimba wangu akiwa darasa la tatu. Sasa yuko chuo. Itafufuka ama niiuze kwa wa vyuma?"

Katika maabara ya kompyuta ya chuo chetu hapa Kisumu, swali hilo tunalisikia kila muhula. Siku hizi limezaa swali la pili, hasa kutoka kwa vijana: je, mashine hiyo ya zamani inaweza kusaidia watafiti kupiga hesabu kupitia intaneti, ile kazi ya kujitolea inayogawiwa kompyuta nyingi duniani? Inaweza. Ila kabla ya kuiwasha usiku na mchana, keti na mita yako ya tokeni.

Tuanze na kasha lenyewe. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki ipungue, kisha fungua ubavu. Ndani ya ile ya Kondele tulikuta kitu kama kipande cha blanketi la kijivu kimeganda juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Lilikuwa vumbi lililochanganyika na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi jioni na kufuata taa. Saiba inayofungwa saa nne usiku, mlango wazi na skrini kumi zikiwaka, inawakaribisha yenyewe. Hewa haikuwa na pa kupita, joto likapanda, na mashine ikawa inajizima kila baada ya dakika chache. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa na fundi kwamba ubao mama umekufa.

Vumbi litoe nje ya nyumba, kwa brashi laini ya rangi na bloa. Feni ishike kwa kidole wakati unapuliza, maana ikizungushwa na upepo kupita kiasi huharibika. Toa chuma cha kupozea joto, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya kiasi cha punje ya harage dogo. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, ikikataa kusomwa na mashine ikawa inalia tu bila kuonyesha picha, chomoa kijiti chake na usugue yale meno ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, taratibu, kisha ukirudishe hadi kisikike "ta". Nimefufua mashine nyingi kwa raba ya shilingi kumi kuliko kwa kifaa kingine chochote. Lakini ukiona kapasita, zile silinda ndogo za kwenye ubao, zimevimba vichwa kama chupa ya soda iliyotikiswa, mpe fundi anayejua kuchoma lahamu. Pawa saplai usiifungue hata kidogo. Hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Usisahau ile betri ndogo ya duara, CR2032. Ikifa, saa ya kompyuta hurudi miaka ya nyuma, na tovuti zote salama zinakataa kufunguka kwa sababu tarehe hailingani na vyeti vyao. Watu hulaumu mtandao, wananunua bando nyingine, kumbe shida ni betri.

Diski ifutwe kabisa kabla ya lolote, hasa ya saiba, maana humo mna nakala za vitambulisho na barua za kazi za watu. Kama pesa ipo, weka SSD ndogo, ile diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Mashine ya 2008 itaamka kama imekunywa chai ya tangawizi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri huu hazikubaliwi rasmi na Windows 11, kwa hiyo tunaweka Linux, mfumo endeshi wa bure: Lubuntu, au Debian yenye mandhari ya Xfce. Hakikisha prosesa ni ya biti 64. Core 2 Duo ni ya biti 64. Baadhi ya Pentium 4 si za biti 64, na hizo kwa kazi hii ningeziacha zipumzike. Prosesa peke yake, katika baadhi ya matoleo ya Pentium 4, imekadiriwa wati 115, na kazi inayotoka ni ndogo mno. Hiyo ni jiko.

Sasa hiyo kazi yenyewe. Programu inayotumika zaidi ni BOINC, iliyoanza mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya David Anderson. Wengi waliojua mambo haya zamani waliyajua kupitia SETI@home, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa angani, ulioanza 1999 na kuacha kugawa kazi mpya mwisho wa Machi 2020. Mtafiti huwa na hesabu kubwa kuliko uwezo wa kompyuta alizonazo. Anaikatakata vipande, kila kompyuta inapokea chake, inakokotoa, inarudisha jibu. Katika miradi mingi kipande kimoja hupewa kompyuta mbili au zaidi ili majibu yalinganishwe, hivyo mashine yenye RAM mbovu haiwezi kupotosha utafiti kirahisi. Stima ikipotea, programu huendelea kuanzia mahali ilipojihifadhi mara ya mwisho, na hapa kwetu hilo si jambo dogo.

Na si mambo ya anga pekee. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Uswisi iliendesha malariacontrol.net, mradi ambao kompyuta za watu wa kujitolea ziliiga jinsi malaria inavyoenea katika jamii ili kukadiria matokeo ya vyandarua, dawa na chanjo. Mradi huo umeshafungwa. Ninautaja kwa sababu watu wa hapa huniuliza kama hesabu hizi zinatuhusu, na mkoa wa ziwa unajua malaria kuliko darasa lolote linavyoweza kueleza. Miradi inayoendelea ni kama Einstein@Home, inayotafuta nyota za nyutroni. Mwaka 2010 ilitangaza pulsa, yaani nyota ya nyutroni inayotoa mawimbi kwa mapigo, inayojizungusha takriban mara 41 kwa sekunde, iliyopatikana kupitia kompyuta za watu wa kawaida huko Iowa, Marekani, na Mainz, Ujerumani. Malipo hakuna, unapata pointi za kujivunia tu. Anayekuomba ada ili akuunganishe, mkimbie.

Basi tufike kwenye mita. Mashine ya Kondele tuliipima bila skrini: ikikaa bure ilivuta wati 60, ikipiga hesabu kwa nguvu zote wati 92. Ukiiwasha saa 24 kwa ajili ya BOINC pekee, ni uniti 2.2 kwa siku, kama 66 kwa mwezi. Tukichukua shilingi 25 kwa uniti, hizo ni shilingi 1,650. Hiyo ni karo ya mtu. Lakini kama mashine tayari inawaka saa kumi kwa siku ikihudumia wateja, nyongeza ni zile wati 32 tu, uniti 0.32, yaani shilingi nane kwa siku. Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: fufua kompyuta kwa kazi yako mwenyewe, ya watoto kuchapa na wateja kujaza fomu, halafu sayansi ipewe muda ambao prosesa imekaa kumsubiri mtu abonyeze kitufe. Anayetaka kuiacha usiku kucha atafute zile kompyuta ndogo za ofisi za mtumba ambazo namba ya prosesa inaishia na T. Core i5-6500T, kwa mfano, ina viini vinne (sehemu za prosesa zinazopiga hesabu kwa pamoja) na kikomo cha wati 35.

Kwenye mipangilio, ruhusu asilimia 50 ya viini, uchague isimame mtu anapotumia mashine, na usihifadhi kazi ya siku nyingi, kwa kuwa kila kipande kina tarehe ya mwisho. Nakuru kuna ubaridi kidogo. Kisumu saa nane mchana chumba cha mabati kinaitesa mashine, basi ipangie asubuhi na jioni. Mawingu yakijikusanya, chomoa waya ukutani. Radi ya huku haibishani na UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta.

Kompyuta ya ofisi au ya shule omba ruhusa kwanza, tena kwa maandishi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msimamizi wa kompyuta wa chuo kimoja huko Georgia, Marekani, alifikishwa mahakamani kwa kuweka programu ya aina hii kwenye mashine za chuo bila idhini.

Mama wa Kondele alirudi Ijumaa. Tulimwonyesha picha ya ile blanketi ya wadudu, akacheka hadi akakaa. Siku hizi saiba yake hufunika kila kasha kwa kitambaa akizima, na dirisha la upande wa ziwa lina wavu. BOINC ameiruhusu, kwa sharti moja: isiguse mashine ya karibu na printa, ambayo ndiyo inayomlipia kodi.