Kilomita 521 Hazifanyi Dakika 37

Mimi kazi yangu ni kupanga safari za ndege hapa Entebbe. Jumapili nimeulizwa tena, mara hii na mjomba wangu wa Bombo, simu mkononi: "Mpwa wangu, hapa wameandika Entebbe hadi Nairobi ni kilomita 521. Ndege inakwenda 850 kwa saa. Hizo ni dakika 37. Mbona tiketi inasema saa nzima na robo? Mnatuzungusha?"

Mjomba, hiyo 521 ni sahihi. Ni mstari mfupi kuliko yote kati ya viwanja hivyo viwili, juu ya uso wa dunia. Ndege haiufuati sawasawa, hupita njia zilizopangwa, lakini ziada yake hapa ni ndogo. Tuliache hilo.

Kinachonikera ni ile 850. Kila mtu anaigawanya kana kwamba ndege huamka nayo asubuhi! Hiyo ni kasi ya ndege iliyokwisha kutulia juu, na safari ya Nairobi haitupi nafasi ya kutulia. Chini ya futi 10,000 tunabanwa tusizidi noti 250, yaani kama kilomita 463 kwa saa. Tuchukue CRJ900, ndege ya abiria ya safari fupi, inayopanda hadi futi 33,000: mpaka ifike huko imeshakula kilomita 200 na zaidi. Kushuka nako, hesabu yetu ya kichwani ni maili tatu za baharini kwa kila futi elfu. Uwanja wa Nairobi uko futi 5,300 hivi, kwa hiyo zimebaki futi 27,700 za kupoteza, sawa na maili 83, karibu kilomita 155. Toa zote mbili kwenye 521. Zinabaki kilomita 160 tu, na ni hizo peke yake unazoruhusiwa kugawanya kwa 850.

Halafu saa ya tiketi si saa ya angani. Inaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa kule. Dakika za kutembea ardhini, nakiri, tunazikisia. Kwenye karatasi ya safari naandika namba kamili, lakini imetokana na mazoea tu. Ndege moja ikiwa inakuja kutua mbele yenu, makisio yangu yameharibika.

Upepo nao hubadili mambo. Mchana Entebbe unavuma kutoka ziwani, basi tunapaa kuelekea kusini, juu ya maji, ndipo tukate kushoto kwenda Nairobi.

Na wa Kigali, tafadhali: kule saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiondoka saa nane ukafika saa nane, hukuruka kwa dakika sifuri.

Sasa usiku. Nchi kavu ikipoa, hewa hutiririka kutoka pande zote na kukutana juu ya Ziwa Victoria, na hapo mawingu ya radi hupanda juu mno. Rubani akiyaona kwenye rada huomba ruhusa ya kuyakwepa, na kilomita zinaongezeka. Hapo kweli anakuzungusha, mjomba, na mimi ndiye niliyemwekea mafuta ya kufanya hivyo.