Doa la biriani: kabla hujakimbilia Jik

Jumamosi mie hupokea kanzu za Ijumaa. Nyingi zina doa lilelile la biriani, kifuani au kwenye mkono wa kulia, na nyingi zimeshahangaikiwa nyumbani kabla hazijaletwa kwa dobi. Mwenyewe kafikicha kwa sabuni ya kipande, doa likageuka jekundu, akaingiwa na hofu, akamimina Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe.

Wekundu ule haujaharibu kitu. Bizari ya manjano ina rangi iitwayo kurkumini, nayo hugeuka nyekundu ikikutana na magadi yaliyomo kwenye sabuni. Dondoshea ndimu uone: inarudi njano papo hapo. Tatizo ni kwamba kurkumini haishikani na maji, hushikana na mafuta, na biriani yetu haikosi mafuta. Suuza kwa maji matupu mpaka uchoke, doa litakutazama tu.

Basi anza na mafuta. Kwangua masala kwa mgongo wa kijiko bila kusugua, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, iache dakika kumi, kisha suuza kwa maji ya vuguvugu. Njano itakayobaki iachie jua. Anika kanzu ikiwa mbichi, doa likitazama juu, jua la saa sita lilipige. Mwanga wa jua huivunja rangi hiyo hasa. Ikifika alasiri bado unaliona, lowesha tena na uanike kesho yake. Wakati wa mawingu ya masika utahitaji subira. Nguo ya rangi usiifanyie hivi, itachujuka.

Jik kwenye pamba nyeupe tupu inafaa, sikatai. Lakini tazama darizi ya shingoni: ikiwa ni uzi wa hariri, klorini itaula. Na usiichanganye kamwe na ndimu wala siki. Hutoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu vya kuogea vyenye kidirisha kimoja si mahali pa kuivuta.

Doa la damu dawa yake ni maji baridi, kwani ya moto huigandisha. Kutu ya waya wa kuanikia, ambao hewa ya chumvi huku pwani haiuachi salama, ni ndimu na chumvi juani; Jik usitie, huikoleza kutu yenyewe. Ubuyu wa rangi kwenye sare ya mtoto uloweke siku ileile. Utomvu wa ndizi na maji ya mabibo yakishakauka sikudanganyi: itie nguo rangi nyeusi.

Wanaofua kwa maji ya kisima nao hulalamika kanzu imekuwa kijivu. Maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, hugandisha sabuni ya kipande, povu halitoki, utando unabaki kwenye uzi. Tumia sabuni ya unga, na mfereji ukitoka, weka ndoo moja ya maji yake kwa suuzo la mwisho.