Rekodi ya hebaria si sensa ya mimea

Kila ramani ya mimea vamizi ya Arizona inapopita mkononi mwa watu, hakosi mmoja wa kuhesabu nukta na kutangaza kwamba mmea fulani "umebakia sehemu chache tu". Kila nukta ni rekodi ya hebaria, na nukta zile hazisemi hivyo.

Rekodi ya hebaria ni taarifa ya mmea uliochumwa, ukabanwa hadi ukakauka, ukabandikwa kwenye karatasi ngumu pamoja na lebo: jina, mahali, tarehe, mkusanyaji na namba yake. Hebaria ni ghala la karatasi hizo. Maana ndiyo hiyo, na haina ugumu wowote. Kasheshe iko kwenye kuisoma.

Tuchukue Oncosiphon pilulifer, ndugu wa kamomili mwenye asili ya kusini mwa Afrika, ambaye sasa anasumbua ardhi ya Tonto National Forest, kaskazini-mashariki mwa Phoenix. Eneo hilo linaitwa msitu kisheria, lakini sehemu zake za chini ni Jangwa la Sonora hasa, lenye madungusi ya saguaro. Mmea huota kwa mvua za majira ya baridi, huchanua, kisha hukauka na kuwa chakula cha moto mahali ambapo saguaro hazikuzoea moto. Vichwa vya maua yake ni vidonge vya njano, bila zile petali nyeupe za kamomili ya chai. Ukivibana vinalala bapa kama sarafu, na ile harufu kali hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Ndiyo maana mkusanyaji makini huandika kwenye lebo "tufe, njano, harufu kali": karatasi haiwezi kuyatunza yote.

Linaloniudhi zaidi ni kuichukua tarehe ya rekodi ya kwanza kama siku mmea ulipoingia. Kabla ya siku hiyo mbegu zilishafika, zikaota, zikazaana, mpaka akapita mtu anayeujua mmea kiasi cha kuushangaa, tena mwenye muda na kibanio cha mimea. Hiyo ni tarehe ya kugunduliwa. Na mtu huyo kwa kawaida alikuwa ameegesha gari kando ya barabara, basi nukta nazo zikafuata barabara. Ubaya ni kwamba mmea huu wenyewe unapenda kingo za barabara, na mbegu zake hubebwa na magari. Kwa hiyo mstari wa nukta unaweza kuwa njia ya mmea au njia ya wakusanyaji, na kwa kuitazama ramani peke yake huwezi kuzitenganisha.

Kuna pia nakala. Mkusanyaji akichuma mashina kadhaa mahali pamoja, hutuma karatasi moja huku na nyingine kule, zote kwa namba ileile. Kwenye hifadhidata kama SEINet unaweza kuziona kama rekodi mbili. Kabla ya kuhesabu, linganisha jina la mkusanyaji, namba na tarehe.

Hayo yote hayaishushi hadhi rekodi. Mmea huu ulielezwa mwaka 1782 katika jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Cotula, baadaye ukawahi kuwekwa kwenye Matricaria, jenasi ya kamomili yenyewe, kabla ya kuhamia Oncosiphon. Jina hubadilika, karatasi inabaki, na mtaalamu hubandika kijikaratasi cha jina jipya bila kuliondoa la zamani. Anayelitilia shaka atafungua kabati, aweke ua chini ya hadubini. Picha ya simu haimpi nafasi hiyo.

Kwa hiyo, badala ya "ulifika Tonto mwaka fulani", andika "ulikusanywa Tonto kwa mara ya kwanza mwaka fulani". Na pasipo na nukta, andika "hakuna rekodi", usiandike "haupo".