Mtufaha Mfupi: Siri Iko Mizizini au Kwenye Tawi?

Mkulima wa Molo au Kuresoi, Kenya, anayetaka kuanza matufaha huuliza kwanza bei ya mche. Sisi tungependa aulize kwanza: mche huu umepandikizwa juu ya shina gani?

Mche wa tufaha ni miti miwili iliyounganishwa. Juu ni aina utakayokula, tuseme Anna au Dorset Golden, ambazo hazidai baridi kali na ndiyo maana huzaa hata huku kwetu. Chini ni shina la mti mwingine, lililochaguliwa kwa ajili ya mizizi yake. Mbegu ya tunda la sokoni haitakupa mti kama mama yake, kwa kuwa maua ya mtufaha kwa kawaida huhitaji chavua ya aina nyingine, na kila mbegu hutoka na mchanganyiko wake wa jeni.

Shina maarufu la kufupisha mti ni M9, lililosambazwa na kituo cha East Malling, Uingereza. Uwezo wake unatokana hasa na sehemu mbili za jeni: Dw1 kwenye kromosomu ya 5 na Dw2 kwenye kromosomu ya 11. Zikiwepo zote mbili, matawi ya juu huacha kurefuka mapema na mti huwahi kuchanua. Anna hubaki Anna, tunda ni lile lile. Kinachobadilika ni kimo. Lakini M9 haina mizizi ya kushika ardhi vizuri, lazima iegemezwe maisha yake yote. Kwa mkulima asiye na nguzo wala waya, ningechagua shina jingine, MM106, hata kama mti utakuwa mrefu zaidi.

Kuna ufupi wa namna nyingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Kelowna, Kanada, mtufaha wa McIntosh ulitoa tawi la ajabu: nene, lenye macho yaliyosongamana, na matunda yake yameshikana na shina badala ya kuning'inia kwenye matawi marefu. Kipande cha DNA chenye tabia ya kuhamahama kilikuwa kimejipachika kwenye kromosomu ya 10. Jeni iliyo jirani, ambayo kawaida hufanya kazi mizizini, ikaanza kufanya kazi kwenye machipukizi pia na kupunguza jiberelini, homoni inayorefusha mmea. Tabia hii ina nguvu: ukichavusha mti uliotokana na tawi hilo na mtufaha wa kawaida, karibu nusu ya miche huwa wima kama nguzo.

Sasa chunguza mche wako. Karibu na chini utaona kovu lililovimba kidogo, mahali pa kupandikizia. Unapopanda, liache juu ya udongo kwa upana wa kiganja. Likifukiwa, Anna itaota mizizi yake yenyewe, na mti utarefuka kana kwamba M9 haikuwepo. Ukigundua hivyo mapema, fukua udongo taratibu, ukate mizizi inayotoka juu ya kovu.