Kasi, barafu na mwili: maswali na majibu kuhusu usalama wa michezo ya theluji

Ni kasi yenyewe inayoua?

Hapana. Mtu anaweza kwenda kilomita 140 kwa saa na asihisi chochote zaidi ya upepo usoni. Kinachoumiza ni namna anavyosimama. Chukua mteleza kwenye theluji aliyeanguka akiwa kwenye kilomita 100 kwa saa. Akisimamishwa taratibu ndani ya mita 10, mwili wake unabeba nguvu ya takriban mara 4 ya uzito wake: ataugulia, lakini atainuka. Akisimamishwa na mti au nguzo ndani ya sentimita 10, nguvu hiyo inakaribia mara 400. Ubongo unajipigiza kwenye fuvu, mishipa mikubwa ya damu karibu na moyo inaweza kuchanika, na hapo hakuna kofia ya kumsaidia.

Tena kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kusimamishwa ndani ya umbali uleule inakuwa mara nne. Kugonga kitu kwa kilomita 144 kwa saa ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita 80 hivi. Ndiyo hiyo kasi takriban aliyokuwa nayo Nodar Kumaritashvili wa Georgia, mwenye umri wa miaka 21, tarehe 12 Februari 2010 kwenye mkondo wa barafu wa Whistler, Kanada. Alikuwa mazoezini kwa luji, ile sleji ambayo mtu hulala chali miguu ikitangulia, saa chache kabla ya ufunguzi wa Olimpiki ya Vancouver. Alirushwa nje kwenye kona ya mwisho akagonga nguzo ya chuma, akafa. Baada yake ukuta wa kona uliinuliwa, nguzo zikavishwa magodoro, na mahali pa kuanzia pakashushwa ili kasi ipungue. Palikuwa na mabishano mengi kama kosa lilikuwa lake au la mkondo. Kwangu mimi mabishano hayo hayana uzito: mwanamichezo atakosea tu, siku moja. Swali ni kosa lake litakutana na nini.

Si bora theluji iwe laini, mtu akianguka asiumie?

Wengi hufikiri hivyo, na kwa anayejifunza polepole wana hoja. Kwenye mashindano mambo ni kinyume. Theluji laini huchimbika: akishapita mtu wa ishirini, kila kona ina mfereji, na skii, ule ubao mrefu mwembamba unaofungwa mguuni, ikiingia humo inashikwa ghafla wakati mwili bado unaendelea mbele. Kitu cha kwanza kulipa deni hilo ni goti. Ligamenti iliyo katikati ya goti, yaani ukano unaounganisha mifupa, ile inayozuia mfupa wa chini usichomoke kwenda mbele, hukatika kwa msokoto wa aina hiyo, hata bila kugongana na chochote.

Ndiyo maana waandaaji huingiza maji ndani ya theluji kwa bomba refu lenye matundu, yagande usiku, asubuhi mteremko uwe mgumu kama sakafu. Wa kwanza na wa arobaini wanakuta njia ileile. Gharama yake ni kwamba ukianguka juu ya barafu hupunguzi mwendo; unateleza tu, mpaka wavu ukudake.

Na huo wavu unafanya kazi vipi?

Kuna wa aina mbili. Ule mrefu uliofungwa kwenye nguzo za kudumu huwekwa penye korongo, miti au ukuta wa jabali. Mwingine ni mfupi, unashikiliwa na vijiti vinavyopinda na kung'oka, na hupangwa safu mbili, tatu au zaidi zikiachiana nafasi. Mteleza anaingia safu ya kwanza, vijiti vinang'oka, wavu unamfunga kama samaki, anakokota kila kitu hadi safu ya pili. Fujo hiyo yote ndiyo umbali wa kusimamia unaonunuliwa.

Wavu una ubaya wake. Mwaka 1991 huko Wengen, Uswisi, skii ya kijana wa Austria, Gernot Reinstadler, ilinasa kwenye wavu akiwa kwenye kasi kubwa, akapata majeraha ya nyonga yaliyomuua. Mwaka 2017 mteleza David Poisson wa Ufaransa alipitiliza nyavu akiwa mazoezini Kanada, akagonga mti. Mazoezini ndiko ninakokuhofia zaidi, kwa sababu ulinzi wa siku ya mashindano aghalabu haupo.

Nani anaamua mbio zisifanyike?

Waamuzi, na si kwa baridi pekee. Upepo wa ghafla penye mruko humgeuza mtu hewani. Wingu zito huondoa vivuli, theluji yote inakuwa karatasi nyeupe isiyo na matuta, ndiyo sababu unaona mistari ya rangi ya buluu imenyunyizwa juu yake. Na helikopta ya uokoaji ikishindwa kuruka kwa ukungu, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kusubiri. Kwenye mbio za mteremko mkali, asiyefanya hata mzunguko mmoja wa mazoezi rasmi haruhusiwi kushindana.

Mavazi yamebadilika?

Sana. Tangu msimu wa 2024/25, shirikisho la kimataifa la skii, FIS, limetaka washindani wa mbio za kasi zaidi wavae vesti yenye mfuko wa hewa, inayojijaza yenyewe mtu anapoanza kupoteza udhibiti. Inalinda mgongo, kifua na mabega. Goti na kichwa haivifikii. Kuna pia nguo za ndani zisizokatika kirahisi. Aliyemwona Aleksander Aamodt Kilde wa Norway akianguka Wengen Januari 2024 anajua kwa nini: ukingo wa skii ni wembe, na ulimchana msuli wa nyuma ya mguu.

Nikimkuta mtu ameanguka?

Simika skii mbili kwa umbo la msalaba upande wa juu yake, wanaokuja wawaone. Ita waokoaji. Usimsogeze shingo, usimvue kofia kama anapumua vizuri. Penye damu nyingi kandamiza kwa nguvu bila kuachia. Mfunike, na ukiweza bila kumgeuza, mwekee kitu chini. Theluji hunyonya joto la mwili haraka.

Amegonga kichwa lakini anasema yuko sawa.

Siku hiyo harudi mlimani, hata akikulaumu. Akianza kutapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia vibaya, akipata degedege, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali mara moja. Kama hakuna hayo, apumzike siku moja au mbili bila kulazimika kujifungia gizani: kutembea kidogo kunaruhusiwa, simu na televisheni zipunguzwe. Kisha aongeze mazoezi kidogo kidogo, na kwenye theluji arudi daktari akisharidhika.